Shafaki Isiyotua

Mwezi wa Mfungo Sita, mwaka wa 731 wa Hijria, jua lilipokwisha kutua, wekundu ulionekana upande wa kaskazini wa mji wa Karaghuli. Haukuwa moto, kwa sababu haukuwa na moshi. Haukuwa wingu, kwa sababu nyota zilionekana ndani yake.

Wa kwanza kuyatambua hayo alikuwa Shaali bin Mwinyimvua, mwanachuoni wa falaki kutoka Kilwa, aliyesimama juu ya ukuta wa magogo amejitanda joho la manyoya ya mbweha. Aliyatambua, akanyamaza.

Sababu ya kunyamaza kwake ilisimama pale pale ukutani, jina lake Ngwali bin Sefu. Sultani wa Kilwa alikuwa ametuma msafara wa pembe za ndovu na ambari hadi nchi hiyo ya baridi ukatafute ngozi za thamani, akawatia humo wanafalaki wawili. Atakayerudi na sifa ndiye angekuwa mnajimu wa jumba, mwenye kutangaza miandamo ya mwezi na nyakati za swala. Shaali aliitamani kazi hiyo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Ngwali alikuwa mwanafunzi wake. Walipoagana na Sultani, Ngwali alitunukiwa usturlabu ya shaba ya kupimia nyota. Shaali alitunukiwa ngamia.

Sasa mji ulikuwa umezingirwa na wapanda farasi wa nyikani. Muadhini wa Karaghuli aliuawa kwa mshale, na wenyeji, Waislamu wenzao, wakamwomba mkuu wa msafara, Bwana Muhuludi, awape mtu wa kushika nafasi yake. Muhuludi akamtaja Ngwali.

Siku hiyo adhana ya Isha ilikuwa na kazi ya pili. Wanaume wa mji walitoka kwa siri wakati wa machweo, wakalala juu ya mto ulioganda karibu na kambi ya adui, wamejifunika mashuka meupe ya sufu. Giza likitimia wangesikia adhana na kuivamia kambi, na watu wa msafara wangefungua lango kuwaunga mkono.

Isha huingia shafaki inapopotea, yaani ule wekundu unaobaki mbinguni baada ya jua. Ngwali aliutazama wekundu wa kaskazini, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Vitabu vimetaja jambo hili. Katika nchi hizi shafaki haitui. Huzunguka kaskazini mpaka ikutane na alfajiri."

Shaali aliyajua maneno hayo, kwani yeye ndiye aliyemfundisha. Lakini vitabu vilisema habari za kiangazi. Wakati huu wa baridi jua lilikuwa limetua kusini-magharibi, na shafaki yake ilikwisha kufia huko huko. Huu wa kaskazini ulikuwa mwanga mwingine kabisa. Ngwali alikuwa anakosea, tena mbele ya watu. Shaali aliliachia kosa lile likomae.

Muhuludi alipanda ukutani, deraya yake ya chuma ikilialia.

"Bwana Ngwali, wenzetu wamelala juu ya barafu. Wakati haujaingia tu?"

"Haujaingia, Bwana wangu. Siwezi kuwaswalisha watu kabla ya wakati."

"Nawe Mwalimu Shaali, wasemaje?"

"Mimi nani, Bwana? Aulizwe mwenye shaba."

"Mzee huyu!" Muhuludi aliguna. "Tangu Kilwa hadi huku kaskazini, wimbo ni huo huo."

Wakangoja. Wekundu ukapanda hadi karibu na utosi wa mbingu. Chini yake likafunguka pazia la kijani, mikunjo yake ikipepea pasipo upepo wala sauti. Theluji ikang'aa. Juu ya mto, vijilima vyeupe vilivyokuwa watu vikaanza kutupa vivuli.

Hapo Shaali akaona kosa limeiva.

"Ngwali! Shafaki hushuka, hii inapanda. Shafaki hulifuata jua. Jua lilitua wapi?"

"Hasidi hana sababu," alisema Muhuludi. "Mwache afanye kazi yake."

"Usinisadiki mimi. Apime mwenyewe!"

Ngwali aliinua usturlabu, akapima mahali jua lilipotua, kisha akaitafuta katikati ya wekundu nyota moja ndogo, ambayo huonekana giza likitimia tu, akaipata iking'aa bila kufifia. Akashusha mkono.

"Mwalimu amesema kweli," alisema kwa sauti iliyosikika na walinzi wote. "Nimekosa mimi. Isha imekwisha kuingia."

Muhuludi alimshika bega. "Mwanamume ni huyo akiriye. Haya, adhini!"

Shaali aliuona ule mkono juu ya bega. Kosa lilikuwa la Ngwali, na sifa pia zikawa za Ngwali. Hakuweza kustahimili.

"Nani aliyeona kwanza?" alipaza sauti. "Mimi nilijua tangu ilipotoka nyota ya kwanza!"

Muhuludi aligeuka taratibu.

"Tangu nyota ya kwanza?"

"Naam!"

"Na watu walio kwenye barafu, Mwalimu, ulijua pia kama wapo?"

Shaali aligeuka kuutazama mto. Adhana ikapanda.

Mbingu ilikuwa imewafichua. Adui aliwaona wakiinuka, na mishale ikawapokea kabla hawajafika kwenye mahema. Hata hivyo watu wa msafara walitoka langoni na mapanga na ngao za ngozi ya kifaru, kambi ikavunjwa, na wapanda farasi wakakimbilia nyikani. Asubuhi wenyeji walikusanya maiti wao. Baadhi hawakuwa na jeraha lolote. Walikuwa wamegandia ndani ya mashuka yao.

Barafu ilipoyeyuka msafara ulifunga mizigo. Muhuludi alimpelekea Shaali ngamia wake aliyekwisha kutandikwa. Shaali alimrudisha, akasema hatakwenda Kilwa kuamshwa alfajiri na sauti ya Ngwali.

Ngwali alifanywa mnajimu wa jumba mwaka uliofuata. Habari ya Shaali ililetwa baadaye na wauza ngozi: walimkuta Karaghuli, juu ya ukuta wa magogo, akibishana na muadhini mpya juu ya wakati wa Isha.