Mashine ya Mguu wa Sajini

Du. Sss. Du. Sss.

Sauti ilitoka sebuleni. Topista alikuwa uani akikoroga uji wa ulezi, nyumbani kwao Namakwekwe, mjini Mbale. Hakuhitaji kuchungulia ili ajue ni nini. Ile "du" ilikuwa ya mguu mzima ukikanyaga saruji. Ile "sss" ilikuwa ya mguu wa kulia, mguu wenye chuma, ukiburutwa nyuma yake. Mume wake, Sajini Eriya, alikuwa akitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mapazia yamefungwa.

Vita vya Mogadishu vilikuwa vimemrudisha nyumbani kabla ya wenzake. Bomu lilirusha gari lao, mfupa wa paja lake ukavunjika. Madaktari wa jeshi waliuunga kwa chuma kirefu. Kisha wakamwonya. Atembee kila siku, la sivyo goti litakakamaa. Lakini asianguke. Mfupa ule ukivunjika mara ya pili, huenda asiutumie tena mguu huo maisha yake yote.

Barabara ilikuwa pale pale mlangoni, lakini Eriya hakuitaka. Zamani, kila alipokuja likizo, alikimbia asubuhi akiimba nyimbo za mchakamchaka. Vijana wa boda boda walimpigia honi naye akawapigia saluti. Sasa hakutaka wamwone akiburuta mguu kama jembe.

Topista aliweza kuivumilia haya hiyo. Kilichomtisha kilikuwa kingine. Kila alipomuuliza mumewe kama mguu unauma, jibu lilikuwa moja: hakuna. Jasho likimtiririka, hakuna. Meno yakisagana, hakuna. Mke atamlindaje mtu asiyesema anaumia wapi?

Basi siku Eriya aliposema anataka kununua mashine ya kukimbilia, Topista alifurahi. Ile mashine ina mkanda mpana unaozunguka kwa umeme. Mtu hutembea juu yake akiwa ndani ya nyumba yake. Topista alishauri wamuulize kwanza Nulu, jirani yao. Nulu alifanya kazi hospitalini, akiwafundisha kutembea upya watu waliovunjika. Eriya alikataa. Alisema mashine ni kitu cha dukani, haihusu hospitali.

Wakakodi gari la mizigo, wakaenda hadi Bugembe, karibu na Jinja. Hapo, kando ya barabara kuu, Magidu aliuza mashine za mazoezi zilizotumika, kutoka ng'ambo. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Eriya alishuka upesi kabla hajaonekana, akajiegemeza mlangoni kama mtu asiye na shida.

"Karibu, afande," Magidu alisema.

"Umejuaje kuwa mimi ni afande?"

"Hivyo viatu. Tena unalitazama duka langu kana kwamba utalipekua."

Topista alicheka. Eriya naye alitabasamu kidogo. Kisha Magidu akauliza swali ambalo kila muuzaji mzuri huliuliza.

"Mashine ni ya nani? Nikimjua atakayeipanda, nitajua ya kumpa."

Topista alifungua mdomo. Eriya akamtangulia.

"Ya kijana wa dada yangu. Mkimbiaji. Anajiandaa na mashindano."

Topista alihisi uso unamwaka. Lakini kwao mwanamke hamkosoi mumewe mbele ya mfanyabiashara. Mambo hayo huongelewa nyumbani. Akatazama sakafu.

Magidu aliwapeleka kwenye mashine kubwa nyeusi. Aliisifu, na sifa zake zilikuwa za kweli. Mota yake ilikuwa na nguvu. Mkanda uliweza kwenda mbio kama mwizi anayefukuzwa. Vishikio vilikuwa vifupi, vya mbele tu, ili mkimbiaji apate nafasi ya kurusha mikono.

Kwenye kona palikuwa na mashine nyingine, ya kijivu, iliyopauka. Sehemu yake ya kukanyaga ilikuwa karibu na sakafu, na vishikio vyake vilikuwa virefu pande zote mbili. Topista aliigusa, akauliza habari zake.

"Hiyo ni ya wazee na wagonjwa, mama. Mkimbiaji ataichoka mara moja."

"Hatuna mgonjwa," Eriya alisema haraka.

Magidu alitaka kuiwasha ile nyeusi waijaribu. Eriya alisema kijana ataijaribu mwenyewe. Wakaipakia.

Nyumbani, mashine iliwekwa ikiwa imepakana na ukuta kwa nyuma ili viti vipate nafasi. Eriya aliipanda akiwa na buti zake za jeshi. Kulikuwa na kamba nyekundu yenye kibanio. Mtu huibana kwenye shati lake. Akirudi nyuma sana, kamba huchomoka na mashine husimama. Topista alimwomba aibane.

"Mimi si mbuzi, nifungwe kamba," Eriya alisema.

Hakushika vishikio pia. Kambini, askari aliyeegemea kitu wakati wa gwaride aliadhibiwa kwa kutambaa uwanja mzima kwa viwiko. Eriya alikuwa amewatambaza wengi. Alisimama wima, kifua mbele, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, na tena.

Mguu wa kushoto uliwahi. Wa kulia haukuwahi. Mkanda ulimvuta nyuma na kumtupa ukutani. Akaanguka juu ya ule mguu wenye chuma.

Topista aliacha beseni alilokuwa nalo, akapiga magoti kando yake. Uso wa Eriya ulikuwa wa majivu.

"Baba Khainza, unaumia wapi?"

"Hakuna."

"Unaumia wapi?"

"Nimesema hakuna."

Safari hii Topista hakubaki kumsihi. Alikimbia kwa Nulu.

Nulu alikuja na ushungi wake umekaa upande. Alimkataza Eriya kujiinua. Alizima mashine, akachomoa waya, akachuchumaa, akauliza ni wapi panauma. Eriya alitazama dari. Nulu hakupandisha sauti.

"Afande, mlinzi wenu akimwona adui, halafu akanyamaza, mtamfanyaje?"

Eriya aligeuza uso ukutani.

"Maumivu ni mlinzi wako. Anakuambia adui yuko upande gani. Na wewe umemziba mdomo tangu urudi."

Kisha mkono wa Eriya ukasogea polepole, ukagusa goti, ukapanda juu kidogo ya goti.

"Hapa, musawo," alisema. Huko Mbale mhudumu wa afya huitwa hivyo. "Na hapa."

Walimlaza juu ya ubao, wakampeleka hospitali kupigwa picha ya mfupa. Topista alikaa kwenye benchi la nje. Hakuweza kusali sala nzima. Kila alipoanza, aliwaza: kama umevunjika, ni kwa sababu nilinyamaza pale dukani. Aliona mguu ule umelala kitandani miaka yote, na mumewe pamoja nao, akizeeka kwa hasira.

Nulu alitoka akiwa ameishika picha juu, mwangani. Alimwonyesha Topista ule mstari mweupe. Chuma kilikuwa mahali pake. Mfupa ulikuwa umeshika. Goti lilikuwa limevimba na nyama zimevutika, basi. Topista alisimama, akakaa, akasimama tena. Akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka, na watu wa benchi wakacheka naye bila kujua sababu.

Uvimbe ulipokwisha na daktari aliporuhusu mazoezi, Nulu alikuja kunywa chai kwao. Alimwambia Eriya kwanza kwamba mashine si lazima. Barabara tambarare ingetosha, nayo ni bure. Lakini kama mashine itamfanya mtu atembee, basi ni nzuri.

"Ila chagua mashine ya mguu ulio nao sasa," alisema. "Usichague ya mguu uliokuwa nao zamani."

Akaeleza. Mtu anayepona hatafuti mashine inayokwenda mbio sana. Anatafuta inayoweza kwenda polepole sana, tena inayoondoka taratibu bila kushtua. Vishikio viwe virefu, pande zote mbili. Mkanda uwe mpana na mrefu, hatua zisibanwe. Sehemu ya kukanyaga iwe chini, apande kwa urahisi, na inepe kidogo ili goti lisigongwe. Kibandiko cha mashine husema inabeba uzito gani, kwa hiyo mtu ajue uzito wake kabla ya kwenda dukani. Kamba ya usalama ifanye kazi. Na anayeijaribu dukani awe yule yule atakayeitumia, akiwa na viatu vile vile vya mazoezi. Viwe vya raba, buti zikae kando.

Eriya aliuliza kama kushika vishikio si uvivu. Nulu alimwambia avishike bila kuning'inia. Mikono ni ya kumweka sawa, kubeba ni kazi ya miguu.

"Na umeme ukikatika?" Eriya aliuliza.

"Hapa Mbale? Utakatika. Mkanda utasimama ghafla. Aliyeshika vishikio atabaki juu. Mwenye gwaride lake, wewe unajua ataishia wapi."

Topista alificha mdomo kwa kiganja. Eriya akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka.

Wakarudi Bugembe na ile mashine nyeusi. Safari hii Eriya alishuka polepole, mbele ya watu, akiwa na viatu vya raba. Magidu alimwona tangu mbali.

"Afande, kijana ameshinda?"

Topista alinyamaza tena, lakini safari hii alinyamaza ili mumewe aseme. Eriya aliweka mkono pajani.

"Hakuna kijana," alisema. "Ni mimi. Nina chuma pajani. Nilikudanganya."

Magidu alivua kofia yake. Alisema kwamba nusura amuuzie mtu mguu wa mbao pamoja na mashine bila kujua. Kisha akamkemea kidogo, kama ndugu. Kama angeambiwa ukweli siku ile, ile nyeusi isingetoka dukani. Wakaelewana kubadilishana.

"Sasa panda," Magidu alisema. "Leo haondoki mtu hapa bila kujaribu."

Walisoma kibandiko cha uzito. Eriya alipanda ile ya kijivu, akashika vishikio, akabana kamba kwenye shati. Mkanda ulianza kama mtoto anayejifunza kutambaa. Magidu alimwambia aivute kamba, na mashine ikasimama. Wakarudia hadi Eriya mwenyewe akaridhika. Topista alimtazama mumewe akitembea bila kusaga meno, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nyumbani waliiweka mbali na ukuta, penye sakafu sawa, na nyuma yake wakaacha nafasi kubwa. Viti viwili vilihamia kwa shangazi. Kila baada ya mazoezi, Topista alichomoa waya na kuning'iniza juu ile kamba ya usalama, ambayo bila yake mashine haiwaki, mtoto wao Khainza asije akaiwasha. Eriya alitembea asubuhi, muda mfupi kwanza, kisha zaidi kidogo Nulu aliporuhusu. Goti likaanza kukunja. Paja likajaa nyama. Majira ya mvua yalipokwisha, mguu wa kulia ulikuwa unainuka wenyewe.

Asubuhi moja alifungua mapazia, akamwuliza Topista kama anakwenda sokoni. Akamfuata. Kwenye njia panda, vijana wa boda boda walimwona. Mmoja wao, Mubaraka, alimpigia honi.

"Afande, mbona leo bila wimbo?"

"Wimbo uko gereji," Eriya alijibu. "Mkinicheka nitawatambaza."

Wakacheka, na hakuna aliyemwita kilema. Mubaraka alimpa njia.

Walipofika kwa muuza chapati, Eriya alisimama. Topista akasimama pia. Alingoja lile neno alilolizoea. Eriya alishika ukingo wa benchi, akakaa, mbele ya macho ya watu wote.

"Inauma," alisema. "Hapa, juu ya goti. Haichomi sana. Mguu umechoka tu."

Topista alikuwa ameishi na mtu huyu mwaka mzima akilisubiri neno hilo moja. Alikaa kando yake. Hakuona haja ya kukimbia popote. Soko lingengoja. Alimpa maji, wakaupumzisha mguu, jua likiwa bado changa juu ya mlima wa Wanale.

Baadaye Eriya alimgeukia. Hakumwita Mama Khainza, kama alivyomwita kila siku mbele ya watu.

"Topista, tangu leo mguu ukiuma nitasema. Nitakuambia wewe kwanza, siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Nakuahidi."