Injini Iliyokataa Kupata Moto

Asubuhi za baridi, kitu cha kwanza kukohoa nyumbani kwa seremala kilikuwa gari lake. Aliliwasha, akaliacha lingurume mlangoni, kisha akarudi ndani kumshika mama yake mkono. Figo za mama zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki ilibidi afikishwe hospitali asafishwe damu kwa mashine. Akikosa zamu, maji humjaa mwilini. Kila mtu nyumbani alilijua hilo.

"Washa hita, mwanangu," mama alisema siku hiyo. "Miguu imekufa ganzi."

"Nimewasha, mama."

"Hii ni hita au friji?"

Mke wa seremala alicheka. Seremala hakucheka. Mshale wa joto la injini kwenye dashibodi ulikuwa umelala chini kabisa, na yeye aliupenda hivyo hivyo. Aliamini injini baridi haimuunguzi mtu.

Kwenye mlima wa hospitali gari lilitoa moshi mweusi, likazima. Liliwashwa, likazima tena. Walisukuma, wakaomba msaada kwa wapita njia. Walipofika, zamu ya mama ilikuwa imepita na mashine zote zina watu. Kesho yake mama alivimba uso, akawa anahema kama mtu anayezama. Akalazwa. Alirudi nyumbani akiwa hai, lakini miguu ilikataa kumbeba.

Ndipo seremala akamwita jirani yake, fundi wa magari ambaye mtaa mzima humwita Mama Spana. Kaka mkubwa wa seremala naye alitoka kuangalia, mikono mifukoni. Mikono hiyo iliungua zamani kwa maji ya moto ya rejeta, kile kipozea injini, na alizoea kuificha.

"Injini imelala tangu jana?" Mama Spana aliuliza. "Vizuri. Washa."

Alishika bomba nene la mpira linalotoka juu ya injini kwenda kwenye rejeta, mkono wake ukiwa mbali na feni. Alikaa nalo kwa muda.

"Njoo ushike. Injini isiyo na tatizo huanza na bomba hili likiwa baridi, kwa sababu maji huzuiwa ndani mpaka yapate moto. Yakipata, kimlango kinafunguka, na bomba linakuwa moto ghafla. Kimlango hicho ndicho themostati. Lako hili linapata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo. Maji hayazuiwi. Ama kimlango kimekwama wazi, ama..."

"Hakipo," seremala alisema kwa sauti ndogo. "Nilikitoa mwenyewe. Niliambiwa nikikitoa, injini haitachemka tena."

"Nani alikwambia?"

"Watu. Baada ya kaka kuungua."

Kaka alitoa mikono mifukoni. Alikuwa amekasirika kweli.

"Usinisingizie mimi! Rejeta ilikuwa inavuja, nikapuuza. Ikachemka, nikafungua kifuniko injini ikiwa bado moto. Hicho kidude kilikosa nini?"

Seremala alitazama chini.

Mama Spana alizima injini, akasubiri ipoe kabisa, akafungua mahali pa themostati. Palikuwa patupu.

"Injini ikibaki baridi inakula mafuta bure," alisema. "Plagi za kuwashia mafuta zinajaa masizi, gari linazima mlimani. Ndiyo maana hata hita yako haina joto la kutoa."

Alifunga themostati mpya, akasafisha plagi, akajaza maji. Gari likawashwa tena. Safari hii kaka ndiye aliyeshika bomba. Seremala alishindwa kutazama.

"Baridi," kaka alisema. "Bado baridi. Bado... Moto!" Akauondoa mkono haraka. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo.

Siku ya hospitali seremala alimbeba mama mgongoni, akamkalisha kiti cha mbele. Walipanda mlima bila gari kukohoa hata mara moja. Hewa ya moto ilitoka chini ya dashibodi.

"Mama, miguu inasikia joto?" aliuliza.

Mama aliitazama miguu yake.

"Miguu haisikii kitu, mwanangu. Nisogeze mbele, niipashe mikono joto."

Seremala alisimamisha gari kando, akamsogeza. Mama akainamisha viganja kwenye lile joto, akaviacha hapo mpaka langoni. Walipofika, jina lake lilikuwa bado halijaitwa.