Maji ya Kisima Kipi?

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Ndunge alivua sare yake, akaikunja vizuri, akavaa gauni kuukuu na kushuka shambani kumsaidia mama yake kuchuma nyanya. Walichuma zile zilizoanza kuiva, wakazipanga ndani ya matenga, tayari kwa soko la Msambweni.

Ulikuwa mwaka wa 1954. Wazazi wa Ndunge walikuwa Wakamba waliohamia pwani kutoka Machakos baada ya ukame mkali. Walipata mashamba upande wa bara, nyuma ya Msambweni, na wenyeji wao Wadigo wakakiita kitongoji hicho Kwa Wakamba. Ardhi iliwakubali. Shida yao ilikuwa lugha. Watu wazima walijua Kiswahili cha kuamkiana na kununua chumvi tu. Palipokuwa na maneno marefu, aliitwa Ndunge.

"Ndunge, njoo utueleze karani anasema nini!"

"Ndunge, mwambie huyu mwenye baiskeli hatutaki sabuni!"

Akifanya hesabu zake, anaitwa. Akila, anaitwa. Na akikosea neno moja, analaumiwa na pande zote mbili. Mara nyingi alitamani asingekijua Kiswahili kabisa.

Siku moja alikuja Bwana Sefu, mtu wa idara ya afya. Alikuwa mwenyeji wa Msambweni, mrefu, mwenye kofia ya kiua na sauti ya haraka. Watu kadhaa sokoni walikuwa wameumwa na matumbo, naye alitumwa kuwafundisha wakulima usafi wa mazao. Wakulima walikusanyika uani kwa Kivuva, baba yake Ndunge. Ndunge akasimamishwa katikati.

"Shikamoo, bwana," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuanze, maana nina vitongoji vingine viwili leo."

Bwana Sefu akaanza. Alisema mikono ioshwe kabla ya kuchuma. Alisema matenga yasiwekwe juu ya samadi. Ndunge alikimbizana na maneno hayo kama mtu anayefukuza kuku. Kisha Bwana Sefu akasema, "Nyanya huliwa mbichi. Kwa hivyo msizipanguse kwa matambara tu. Zioshwe, tena zioshwe kwa maji ya kisima."

Ndunge alisita. Kwa Kikamba kulikuwa na neno *kithima*, linalofanana sana na kisima. Lakini je, lilikuwa ni lile lile?

"Samahani, bwana, kisima ni kile cha shuleni, au..."

"Usinikate kauli, mwanangu! Wewe waambie tu. Jua linakwenda."

Wakulima wengine walicheka. Ndunge aliona haya. Akawageukia, akawaambia kwa Kikamba kwamba nyanya zioshwe kwa maji ya *kithima*.

"Ni hilo tu?" aliuliza Kivuva, akitabasamu. "Tutaosha zote. *Kithima* si kipo hapo bondeni!"

Bwana Sefu aliona vichwa vikikubali, akaridhika, akapanda baiskeli yake na kwenda zake. Ndunge alibaki na shaka moyoni. Lakini aliwaza, "Nikiuliza, nakatwa kauli. Nikinyamaza, hakuna anayenicheka." Akanyamaza.

Tangu siku hiyo kitongoji kizima kilifuata mafundisho kwa bidii. Zamani ni wachache tu waliokuwa wakiosha nyanya. Wengi walizipangusa vumbi kwa tambara. Sasa hapakuwa na tenga lililokwenda sokoni bila kushushwa bondeni kwanza. Nyanya ziling'aa hadi watu wakageuza shingo kuzitazama.

Bi Mwanarusi, aliyekuwa na mkahawa karibu na soko, alinunua matenga mawili kwa ajili ya kachumbari. Binti yake, Mwanaima, alisoma darasa moja na Ndunge na ndiye aliyemfundisha Kiswahili kizuri. Alichukua nyanya moja tengani, akaiuma papo hapo.

"Tamu!" alisema, maji yakimchuruzika kidevuni. "Mwambie mama yako namshukuru."

Jumatatu yake Mwanaima hakuja shuleni. Jumanne pia. Ndunge alipouliza, mvulana mmoja alimjibu kwa ukali, "Yuko hospitali, anaharisha mpaka amekosa nguvu. Ni hizo nyanya zenu!"

Hakuwa Mwanaima peke yake. Wateja kadhaa wa Bi Mwanarusi walikuwa wamelala kwa matumbo. Siku ya soko ilipofika, mama yake Ndunge alishusha tenga mbele ya mkahawa, na Bi Mwanarusi akatoka akiwa amevimba macho kwa kukesha na mtoto.

"Ondoeni hizo, tafadhali," alisema. "Sitaki kuziona. Mwanangu amekonda kama ukuti."

Hakuna mwingine aliyenunua. Walirudi nyumbani na matenga yale yale vichwani, na nyanya zikaanza kuoza uani, zikizungukwa na nzi.

"Tumeosha!" Kivuva alifoka, akizunguka uani. "Tumefanya kila neno tuliloambiwa! Mgongo unaniuma kwa kupanda na kushuka bonde hilo. Sasa tufanye nini zaidi?"

Shuleni wenzake walimkwepa Ndunge. Nyumbani kila mtu alinuna. Usiku na mchana alimfikiria Mwanaima, na ile shaka yake ikamchoma kama mwiba uliovunjikia unyayoni.

Bwana Sefu alirudi akiwa amekasirika. Hakutaka hata kukaa.

"Niliwaambia nini?" alisema. "Niliwaambia maji ya kisima. Waambie, binti, kwamba ukaidi wao umewalaza watu hospitali!"

"Mwambie tumeosha kwa *kithima*!" Kivuva naye alijibu kwa Kikamba, sauti juu. "Mwambie asituite waongo!"

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Sefu.

"Umemwambia?" aliuliza Kivuva.

"Mwambie!"

"Mwambie, wewe!"

Ndunge aliziba masikio. "Basi!" alilia. "Basi, jamani! Mimi nimechoka! Nyote mnasema kisima, na nyote mna hasira, na mimi sijui kama mnasema kitu kimoja! Siku ile nilitaka kuuliza, nikakatwa kauli, nikaona haya. Bwana Sefu, njoo. Tafadhali njoo uone."

Mtoto hakuzoea kupaaza sauti mbele ya wakubwa, na mama yake alifungua kinywa amkemee. Lakini Ndunge alikwisha shika njia ya bondeni, akifuta machozi kwa kiganja. Bwana Sefu alimfuata. Kivuva na wengine wakafuata nyuma.

Bondeni, kando ya kijito, palikuwa na shimo pana lililochimbwa mchangani. Maji yake yalikuwa mazito kidogo. Ng'ombe wawili walikuwa wakinywa upande mmoja, kwato zao zimezama kwenye tope na kinyesi. Upande wa pili mwanamke mmoja alikuwa akisuuza nepi za mtoto. Katikati yao lilikuwepo tenga la nyanya, limetumbukizwa majini.

"Hiki ndicho mnachokiita kisima?" Bwana Sefu aliuliza polepole.

"Kwetu shimo la maji kama hili ni *kithima*," alisema Ndunge. "Ulipotwambia kisima, tulikuja hapa."

Bwana Sefu alivua kofia yake. Alitazama maji, akatazama lile tenga. "La haula," alisema. "Kumbe tangu siku ile mmekuwa mkizitia uchafu kwa bidii. Na mimi ndiye niliyewatuma."

Safari hii hakufanya haraka. Aliwachukua wote hadi shuleni, akawaonyesha kisima kirefu kilichojengewa ukuta wa mawe, chenye kifuniko, na ndoo yake isiyowekwa chini. Alinawa mikono mbele yao kwa sabuni, akaosha nyanya moja moja, akamwaga maji machafu mbali. Kila alipomaliza jambo, alimgeukia Ndunge na kumuuliza, "Hili limeeleweka? Lina jina gani kwenu?" Ndunge naye aliuliza kila alichotaka, na hakuna aliyecheka.

Shule ilikuwa mbali kwa kubeba maji. Kwa hivyo Bwana Sefu alimleta Boga, fundi wa kuchimba visima, na wanaume wa kitongoji wakachimba pamoja naye juu ya bonde, mbali na njia ya ng'ombe. Kazi ilikuwa ngumu. Mara ya kwanza waligonga mwamba, wakaanza upya mahali pengine, na Kivuva akalalamika kila siku. Lakini hakuacha sururu.

Mwanaima alipopona, alikuja na mama yake kukiona kisima kipya. Bi Mwanarusi alifunua kifuniko, akachungulia, akakagua mikono ya wanawake, akakagua hata chini ya matenga. Hatimaye akamgeukia mama yake Ndunge.

"Nitaanza na tenga moja," alisema. "Wateja wangu wakikaa salama, nitachukua mawili."

Mwanaima alimshika Ndunge mkono. "Usiniogope," alimnong'oneza. "Najua hukutaka niugue."

Bwana Sefu alikuwa amesimama kando na baiskeli yake. Aliwaita watoto wale wawili karibu, huku wakulima wakisikiliza.

"Mwanangu Ndunge, niwie radhi," alisema. "Ulikuwa na swali, na mimi nikalizima kwa sababu ya haraka yangu. Mwalimu asiyesubiri swali hajafundisha, amesema tu. Lakini nawe shika hili: neno usilolielewa usilipitishe kwa mwingine. Uliza. Ukikatwa kauli, uliza tena kwa adabu. Haya ya kuuliza hupita mara moja, lakini madhara ya kutouliza huwafikia hata wasiokuwepo."

Ndunge aliyageuza maneno hayo kwa Kikamba, taratibu, neno kwa neno. Alipofika mwisho, Kivuva alikuna kichwa, akamtazama binti yake.

"Muulize," alisema, "hiyo sabuni ya kunawia, je, ile ya kufulia yafaa?"