Jiwe Lisilokauka

Mwezi wa Chait, Machi ikielekea Aprili, mwaka ule, Kundan alikwenda milimani kulala. Hakuwa na jambo jingine. Alikuwa msimamizi wa ghala la dawa huko Delhi, na kwa miezi mingi usingizi ulikuwa umemkimbia. Mkewe, Nirmala, akamwambia, "Tupande Jumamosi, turudi Jumatatu. Upate japo siku mbili za kimya." Wakamchukua binti yao Tanu, mwenye miaka sita, wakapanda.

Kimya hicho walikipata katika nyumba ya Hansi, dada yake Kundan. Hansi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, Chait kama hiyo, kwa homa ya mapafu. Mumewe alihamia mjini kwa mwanawe, nyumba ikafungwa, ufunguo ukabaki kwa jirani, Bibi Khimuli.

Walifika mchana. Jua lilikuwa zuri. Milima ya theluji ilikuwa imejipanga ng'ambo ya bonde, na msitu ulikuwa umejaa maua mekundu ya burans. Bibi Khimuli, mwenye meno matatu na ulimi usiochoka, alikuwa akipepeta ngano uani kwake.

"Mmetoka Delhi kuja kulala?" akacheka. "Huko hakuna vitanda?"

"Vitanda vipo, bibi. Usingizi ndio haupo."

"Haya. Na huyu panya mdogo, yeye anataka nini?"

"Kafal," Tanu akasema. Njia nzima baba yake alikuwa amemsimulia matunda hayo madogo mekundu ya porini, jinsi dada yake Hansi alivyokuwa akimchumia utotoni na kumfungia chumvi ya kuchovyea.

"Kafal mwezi huu! Rudi wakati wa joto, mama. Sasa hivi hata nyani hajaonja."

Kisha bibi akautazama mfuko wa turubai uliokuwa begani mwa Kundan. Mfuko ulikuwa umelegea. Kicheko kikamwisha.

"Hukuleta kitu?"

"Kitu gani, bibi?"

"Ni Chait, baba."

Kundan akainamisha kichwa, akaomba ufunguo.

Katika milima hiyo, Chait ni mwezi wa bhitauli. Mwanamke aliyeolewa huletewa na kwao mikate ya puri, vitamu na nguo mpya, na anayeleta ni kaka yake, kwa miguu yake. Wanawake hukaa kwenye kuta fupi za mawe mbele ya nyumba zao, macho kwenye njia. Wazazi walipofariki, mzigo huo ukawa wa Kundan. Hansi alimpita kwa miaka tisa, na utotoni alimbeba mgongoni. Siku ya kumsubiri hakutia kitu kinywani, hata maji. Tonge la kwanza alitaka litoke kwao. Na Kundan alipoondoka, mfuko wake haukurudi mtupu hata mara moja; dada aliujaza.

Lakini Chait iliyopita kazi zilimzidi. Hansi alipopiga simu, Kundan, akiwa amekaa kwenye kiti chake huko Delhi, alimjibu, "Niko njiani, dada." Alitaka tu simu ikatike. Siku ya sita akapigiwa kuwa dada yake hayupo tena. Maneno yale hakuwahi kumwambia mtu, hata Nirmala.

Jumamosi hiyo alilala kama gogo. Alipoamka, jua lilikuwa linaelekea kushuka, na Tanu alikuwa ameketi kwenye ukuta wa mawe mbele ya nyumba, miguu inaning'inia, anaongea kwa sauti ndogo. Mawe mengine yote yalikuwa makavu. Jiwe lililokuwa kando yake lilikuwa limelowa, upana wa mtu mmoja aliyekaa.

Kundan akafikiri mtoto amemwaga maji.

Jioni Tanu hakula. "Amechoshwa na safari," Nirmala akasema. Asubuhi walimkuta ukutani tena, kabla ya chai. Alikataa maziwa. Alikataa maji. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka, na mikono, ingawa jua lilikuwa linawaka, ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni.

"Tanu, shuka ule," Nirmala akasema. "Sitasema tena."

"Tusile bado, mama. Shangazi amesema."

"Shangazi gani?"

Tanu akageuza uso kando, pale kwenye jiwe lenye maji. Akanong'ona, kama mtu asiyetaka kumuudhi mgeni.

"Huyu. Anasema kaka yake yuko njiani."

Kundan aliweka kikombe chini polepole.

Akaenda kumnyanyua binti yake. Hakunyanyuka. Akamshika kwa mikono miwili kwapani, akavuta. Mtoto wa miaka sita, aliyembeba jana kilima kizima. Nirmala akashika miguu. Hakusogea. Tanu hakulia wala hakupinga, aliendelea tu kutazama njia. Bega lake la kushoto lilikuwa limelowa chepechepe, kama aliyeegemewa na mtu aliyenyeshewa.

Bibi Khimuli alifika mbio, ungo ungali mkononi. Alitazama jiwe, akamtazama Kundan.

"Alikaa pale siku tatu," akasema. "Siku ya pili ikaja mvua ya mawe. Tukamwambia, Hansi, ingia ndani. Akasema, kaka yangu yuko njiani, asije akakuta ukuta mtupu. Hakula. Siku ya nne tukambeba ndani, hajui hata nani anambeba. Na tangu mwezi huu uandame, jiwe lile halikauki."

Nirmala akamgeukia mumewe. "Ulimwambia hivyo? Kwamba uko njiani?"

Kundan akamgeukia bibi.

"Bibi, nifanye nini?" akauliza.

"Unaniuliza mimi? Kaka yake ni nani hapa?" Sauti ya bibi ikalainika. "Mpelekee chake, mwanangu. Lakini usimtolee mlangoni kama anayempa mwombaji. Shuka mpaka barabarani, upande na mzigo wako, kama ulivyokuwa ukija. Mtoto atakunywa maji dada yako akishakula."

Nirmala alikanda unga. Alikaanga puri, bibi akaleta samli na sukari guru. Kisha Nirmala akafungua sanduku lake, akatoa sari mpya ya rangi ya kitunguu aliyoinunua njiani kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Akaikunja, akaipapasa mara moja, akaitia katika mfuko wa turubai.

"Wifi alipenda rangi hii," akasema tu.

Kundan alishuka. Kwenye hekalu la Golu, chini ya kijiji, aligonga kengele, akasimama mbele ya mungu wa haki wa kwao. Hakuwa na ombi refu. Alisema, "Mimi ndiye niliyesema uongo. Mtoto hajasema." Akaendelea mpaka barabarani. Akageuka, akaanza kupanda.

Ilikuwa kama saa kumi alasiri. Ukungu ulianza kutoka bondeni. Ukaficha mashamba ya ngazi, kisha miti, kisha njia mbele yake. Alisikia pumzi yake mwenyewe. Alisikia na hatua. Zilikuwa zake.

Akafika kwenye kona yenye mti wa mlozi. Hapo ndipo alipokuwa akiita kila mwaka, ili Hansi apate muda wa kutengeneza mtandio wake. Akaita.

"Dada! Nimefika!"

Mbwa wa kijiji waliokuwa wakibweka wakanyamaza. Akapanda hatua chache zaidi. Ukuta ukaonekana. Juu ya ukuta palikuwa na watu wawili.

Mdogo alikuwa Tanu. Wa pili alikuwa amejifunika kichwa. Alikuwa analowana. Hapakuwa na mvua, lakini maji yalikuwa yanamtiririka, tone kwa tone, kutoka kwenye ncha za mtandio.

Kundan hakuthubutu kumtazama usoni. Aliweka mfuko ukutani. Akainama aguse miguu ya dada yake mkubwa, kama inavyompasa mtu.

Akadhani mkono utagusa mawe.

Miguu ilikuwepo. Ilikuwa mitupu, baridi, na ina matope. Aliijua. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu la mundu, la siku alipokata majani ya ng'ombe huku yeye, Kundan, akilia mgongoni mwake.

"Nisamehe," akasema. "Sikuwa njiani, dada. Sikuwa."

Mkono ukatua kichwani pake. Ulikuwa mzito kwa maji. Sauti ikatoka juu yake, ndogo na iliyokwaruzwa na homa, nayo haikusema neno la lawama. Iliuliza lile ambalo Hansi alimuuliza kila alipofika, kila mwaka, tangu akiwa mtoto.

"Umekula wewe?"

Kundan akalia. Alilia paji la uso likiwa juu ya mawe, na hajui alilia kwa muda gani.

"Baba," Tanu akasema. "Nina kiu."

Akainua kichwa. Mtoto alikuwa peke yake. Akamchukua, na alikuwa mwepesi, mwepesi kama alivyokuwa. Mfuko ulikuwa ukutani, umekunjwa mara nne, mtupu. Puri hazikuwepo, sari haikuwepo. Bibi Khimuli akatoka mlangoni na Nirmala, akapitisha kiganja chake juu ya jiwe.

"Limekauka," akasema. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akamkaripia Nirmala: "Unasubiri nini? Mpe mtoto maji!"

Jumatatu wakashuka. Kundan aliutia mfuko ule uliokunjwa chini kabisa ya sanduku, akalifunga kwa kufuli mwenyewe. Ndani ya basi Tanu alilala mapajani mwa mama yake. Walipokaribia jiji, Nirmala alimwambia mumewe: "Mwakani tunakwenda wote."

Nyumbani, Delhi, joto lilikuwa limeanza na wiki tatu zilikuwa zimepita bila tone la mvua. Kundan akafungua kufuli. Mfuko haukuwa umekunjwa tena. Ulikuwa umejaa, na kitako chake kimelowa.

Akauinamisha juu ya kitanda. Zikamwagika kafal, nyekundu, mbivu, zingine zikiwa bado kwenye vijiti vyake, na majani yana matone ya mvua. Tanu akanyoosha mkono. Nirmala akamshika.

Kitu cha mwisho kilidondoka peke yake, kidogo kama punje ya hindi. Kundan alikijua kabla hajakifungua. Ilikuwa chumvi, imefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha rangi ya kitunguu.