Bondia Aliyetia Chumvi Kwenye Chai

Precious aliusukuma mlango kwa kiwiko, bakuli la uji mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Igogo, Mwanza, kwenye chumba cha uani nyuma ya jimu ya ngumi. Alimkuta mchumba wake Antoni sakafuni, akadhani amehama kitanda kwa sababu ya joto. Akamwita. Akamwita tena. Kisha akaona chupa karibu na kiganja chake, na bakuli likamponyoka.

Inspekta Fadhila alipofika, majirani walikuwa wamekwisha kumpakia Antoni kwenye bajaji na kumkimbiza kituo cha afya. Alikuwa hai, ila hai ya kupumua tu. Uani palijaa watu, na kila mtu alikuwa na lake.

"Kajiua," alisema mmoja.

"Kajiua vipi na wiki tatu zijazo anapigana Dar? Kalishwa sumu huyo!"

Antoni Shimba alikuwa na miaka ishirini. Hakuna aliyebisha kwamba ndiye bondia bora wa rika lake kando ya ziwa, na pambano la Dar lilikuwa mkataba wake wa kwanza wa maana. Fadhila naye alikuwa na mwezi wa tatu tu tangu ahamishiwe Mwanza kutoka Tanga. Habari za ngumi hakuzijua hata chembe, na tuseme ukweli, asubuhi ile alitamani wangempa kesi ya ng'ombe.

Chupa ilikuwa ya dawa ya wadudu, ile wanayopulizia nyanya. Ilikuwa nusu tupu. Koplo Machibya alivaa glovu za mpira akajaribu kuifungua ainuse. Akakaza meno. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mwishowe akaomba koleo kwa jirani.

"Afande, hii imefungwa na jini?"

Fadhila hakucheka. Mtu anywe sumu, imchome koo, halafu akumbuke kurudisha kifuniko na kukikaza hivyo? Na kama ni adui aliyemnywesha kwa nguvu, mbona chumbani hapakuwa na dalili ya vurugu? Mto ulikuwa mahali pake, hata kandambili zimepangwa. Kichwa kilianza kumgonga na jua halijapanda.

Mwenye jimu, Mzee Jumbe, alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mabegi ya mazoezi, taulo begani, macho mekundu. Ndiye aliyewafundisha ngumi nusu ya vijana wa Igogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi." Akamletea chupa ya maji. "Huyu mtoto nimemlea mimi. Nimetokea nyumbani Igoma, nafika hapa nakuta mayowe."

"Alikuwa mgonjwa? Amepigwa siku za karibuni?"

"Apigwe na nani? Tangu pambano la mwezi wa tatu hajaguswa hata kibao. Namtunza kwa ajili ya Dar." Mzee alijifuta uso. "Na bima anayo. Vijana wangu wote nawakata kidogo kila wakipigana, nawawekea bima. Kwangu hakuna anayeumia akaachwa barabarani."

Fadhila alipiga funda moja la maji akaiweka chupa wazi kwenye benchi. Mzee, huku akiendelea kuongea, aliichukua akaifunga kwa msokoto mmoja wa nguvu.

"Vumbi la hapa, mwanangu, usilicheke. Hawa vijana nawaambia kila siku."

Nusu saa baadaye ilijulikana chupa ya sumu ilikotoka. Muharami, bondia mwenzake Antoni, alijitokeza mwenyewe, mikono nyuma.

"Ni yangu, Afande. Nilimnunulia mama, ana bustani ya nyanya. Jana jioni niliiacha stoo ya jimu."

"Na Antoni asipoweza kwenda Dar, anakwenda nani?"

"Mimi."

Loo! Machibya alikwisha kutoa pingu. Fadhila akaruhusu apelekwe kituoni, ingawa moyoni hakuridhika. Mwenye hatia gani anakuja kujichongea asubuhi na mapema? Lakini mwenye werevu gani anaacha sumu yake hadharani? Alipanda gari la polisi akiwa na mshukiwa mmoja na maswali kumi.

Kituo cha afya kilimvuruga zaidi. Daktari Nathaniel, kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, alimvuta pembeni.

"Afande, nimeletewa mgonjwa, nikaambiwa amekutwa na chupa ya dawa ya wadudu, nikaanza tiba ya sumu. Nisingeweza kungoja. Lakini haeleweki huyu. Ametapika, ndiyo. Amepoteza fahamu, ndiyo. Ila mdomo wake haunuki, na dawa ile ikiingia tumboni chumba kizima kinanuka."

"Basi si sumu."

"Sijui! Ingekuwa kichwa, mboni za macho zingeniambia, moja ingepanuka kuliko nyingine. Lakini tiba niliyompa imekwisha kuzipanua zote mbili, hazinisaidii tena. Mashine ya kupiga picha ya kichwa hatuna. Nikimtoa katikati ya tiba nimpeleke hospitali kubwa, na kumbe ni sumu, atanifia njiani. Nikimbakiza, na kumbe ni damu kichwani, atanifia hapa hapa." Daktari alimtazama usoni. "Nitafutie jibu moja tu. Amekunywa, au amepigwa? Na usiniletee jioni."

Fadhila alirudi kwenye korido. Precious alikuwa amejikunyata kwenye benchi, sentimita ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake Igoma.

"Dada, jana usiku mligombana. Majirani wamesikia."

"Tuligombana." Hakukataa. "Aliniita Modesta. Nikamuuliza Modesta ndiye nani, akanitumbulia macho tu kama hanijui. Nikamtukana, Afande. Nikaondoka nikalia njia nzima." Akaanza kulia tena. "Leo mama yake kwenye simu ananiambia Modesta alikuwa dada yake Antoni, alifariki akiwa mdogo."

"Amekuwa hivyo tangu lini?"

"Wiki moja hivi. Juzi alitia chumvi kwenye chai, vijiko vitatu, akainywa yote. Nikacheka. Alikuwa anakosea mlango. Kichwa kinamuuma, anameza Panadol za Mzee Jumbe. Mimi nikasema ana mwanamke, jirani akasema amerogwa, mzee akasema ni wasiwasi wa Dar."

"Kabla ya hapo alisafiri?"

"Hapana. Labda ile Jumapili ya kambi, wiki mbili zilizopita. Mzee alimchukua kambini Igoma, akalala huko."

"Kambi ya Igoma uliiona?"

"Nani aende kuangalia wanaume wanaruka kamba? Nilikuwa kibandani nashona sare."

Fadhila aliingia kumwona mgonjwa. Kijana mzuri, mabega mapana, anakoroma kwa shida. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka, na upande wa ndani wa kifundo, pale saa inapokaa, palikuwa na chale. Nyingi zilikuwa za zamani, zimefifia. Lakini jozi moja ilikuwa bado na magamba, na unga mweusi umeshikilia kwenye ngozi.

Uchawi tena? Alijisikia kama ametupwa kwenye kisima cha mambo asiyoyajua. Akaipiga picha ile chale kwa simu, akarudi kituo cha polisi mbio.

Muharami alikuwa ameketi chini, magoti kifuani. Fadhila alimwekea simu mbele ya macho.

"Mganga gani kamfanyia hivi?"

Muharami aliitazama, akakunja uso. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe. Alikuwa nazo pale pale, jozi kwa jozi, zote nyeupe.

"Si mganga, Afande. Ni Mzee Jumbe. Anatuchanja asubuhi ya pambano, anapaka dawa, ngumi iwe nzito. Wote anatuchanja."

"Na asubuhi ya mazoezi? Ya kambi?"

"Aa-aa! Thubutu! Ukichanjwa usipopigana siku hiyo, mkono unakufa. Hakuna bondia wa Igogo atakayekubali kuchanjwa bure, hata umlipe." Akaisogeza simu karibu. "Lakini hii mbichi. Hii ya nini? Antoni hajapi..."

Akamkodolea Fadhila macho.

"Muharami, mazoezini alikuwaje?"

"Alikuwa analikosa begi," alisema polepole. "Begi limening'inia mbele yake, anapiga hewa pembeni. Nikadhani kaanza bangi. Nikamfichia siri, Mungu anisamehe."

Fadhila hakuamini kama chale ina nguvu yoyote. Haikuwa kazi yake kuamini. Wao waliamini, na aliyemchanja Antoni aliamini pia, basi. Basi Jumapili ile ya kambi Antoni alipanda ulingoni mahali fulani. Akampigia daktari simu.

"Amepigwa, dokta. Si jana, ni kama wiki mbili zilizopita."

"Una uhakika?"

Swali baya kuliko yote. Akikosea, kijana anakufa njiani, na ni yeye atakayekuwa amemuua. Akaufumba mdomo wa simu kwa kiganja, akavuta pumzi, akaufumbua.

"Mpeleke."

Aliona kiu, akatoka kwenda garini. Kwenye kiti cha gari ilikuwapo ile chupa ya maji ya jimu, ambayo Machibya aliibeba asije akaisahau bosi wake. Fadhila alikizungusha kifuniko. Hakikwenda. Akatumia kitambaa, hakikwenda. Akabaki anakitazama kile kifuniko, na kwa mara ya kwanza siku ile kichwa chake kikatulia.

Saa nane mchana waliingia jimu. Mzee Jumbe alikuwa bado pale pale kwenye benchi. Vijana wamekaa kwenye kingo za ulingo, hakuna anayefanya mazoezi. Muharami alikuja bila pingu, minong'ono ikaanza.

"Mzee, stoo inafungwa usiku?"

"Inafungwa."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi." Akauona mtego aliouingia. "Lakini labda jana nilisahau..."

"Mzee wangu, wewe huwezi kusahau kufunga." Fadhila akaiweka chupa ya maji kwenye benchi. "Hii uliifunga asubuhi mbele yangu, huku unaongea, bila kujua. Nimeshindwa kuifungua. Ile ya sumu koplo ameifungua kwa koleo. Alama za vidole nazo ziko maabara, zitasema. Lakini nataka useme wewe, mbele ya vijana wako. Ile Jumapili ulimchanja Antoni ukampeleka wapi?"

Mabondia wakajikuta wanaangalia vifundo vya mikono yao.

"Mzee?" Muharami akasema. "Antoni alipigana?"

Mzee Jumbe alivua taulo begani, akalikunja, akalikunjua.

"Ng'ambo," alisema. "Tulivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga. Palikuwa na mashindano ya ngoma baada ya mavuno, wakataka na ngumi za kuchangamsha watu. Alipigana kwa jina la Yakobo, Dar wasijue. Ulingo wenyewe mbao juu ya matofali. Alipigwa moja akaanguka, kisogo kikapiga ubao." Akalikunja tena taulo. "Aliamka! Wallahi aliamka, akacheka, akala na wali. Nikajua yamekwisha."

"Alipoanza kuumwa kichwa, kwa nini hukumpeleka hospitali?"

"Kwa bima gani?"

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Kisha kijana mmoja kwenye kona akasimama.

"Si unatukata, mzee? Kila pambano!"

"Hakuna bima. Haijawahi kuwapo." Mzee hakuinua macho. "Mwanzo nililipia kodi ya ukumbi, nikasema nitarudisha. Halafu glovu. Halafu mahitaji ya nyumbani. Halafu nikazoea. Promota wa Dar alipotaka aone bima ya Antoni, nikachanganyikiwa. Ndiyo maana tulivuka. Pesa ya ng'ambo ndiyo ningemlipia."

"Ukamuuza kichwa ili umnunulie bima ya kichwa," Muharami alisema. Hakupaza sauti.

"Na leo alfajiri?" Fadhila akauliza.

"Nilikuja kumwamsha, nikamkuta chini. Nikajua wakimpima watajua amepigwa, wataniuliza bima. Nikachukua dawa ya Muharami, nikamwaga nusu chooni, nikaiweka pale. Nikatoka nikazunguka mpaka niliposikia mayowe."

"Ulimwona anapumua?"

Mzee Jumbe akaufunika uso kwa taulo. Alikuwa amemwona anapumua, na kila mtu mle ndani alielewa hivyo.

"Ukawafanya watafute tumboni," Fadhila alisema, na hasira aliyoibana tangu asubuhi ikamtoka yote, "na mtoto uliyemlea anakufa kichwani!"

Machibya alimfunga pingu. Vijana hawakumzomea. Ingekuwa afadhali wangemzomea.

Hospitali kubwa waliikuta damu kweli, imevujia kati ya fuvu na ubongo, ikawa inauminya kidogo kidogo siku zote hizo. Kabla ya upasuaji, hospitali ilitaka malipo ya kuanzia. Vijana wa jimu walichanga walichokuwa nacho, na hakikutosha. Fadhila alikuwa kwenye geti la hospitali jioni ile alipoona bajaji ikipita na cherehani nyuma, miguu juu, imefungwa kwa kamba. Pembeni yake Precious ameketi wima, hatazami kushoto wala kulia. Baada ya saa moja akarudi kwa miguu bila cherehani, akaenda moja kwa moja dirisha la malipo.

Siku ya tatu Antoni alifumbua macho. Maneno yalitoka kwa shida, lakini yalikuwa ya kwake. Alimwita Precious kwa jina lake, na Precious akalia mpaka nesi akamfokea. Daktari alikwisha kusema kwamba ngumi basi, maisha yote. Hilo wangemwambia siku nyingine.

Fadhila alisimama mlangoni na daftari lake la maelezo. Alikuja kuchukua ushahidi.

"Precious," Antoni alinong'ona, "hii hospitali... ni ghali. Bima ya mzee imelipa?"

Precious alimtazama Fadhila. Fadhila akalifunga daftari.

"Imelipa," Precious alisema, akamvutia shuka hadi kifuani. "Imelipa yote. Lala."