Mashimo ya Jiwe Bapa

Kila alipotoka shule Eufrasia alichota maji, akafunga mbuzi, ndipo akashika daftari. Mwaka ule wa 1934, Mwalimu Stanslaus aliwatuma wanafunzi wake wakusanye habari za vilima na mawe ya Kagongwa, ziwekwe kwenye sanduku la baraza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Eufrasia alipewa kuandika habari za Jiwe Bapa, lenye mashimo madogo juu yake.

Bibi yake, Mageni, alimwambia, "Mwaka wa njaa kuu mama yangu alisagia hapo mbegu za majani. Ndiyo mashimo hayo."

Mzee Shaaban, muuza nguo, alicheka. "Hilo ni bao, binti! Baba yangu alikuwa mpagazi. Walilichonga wakisubiri mvua ikatike."

Eufrasia hakutaka kumuudhi yeyote. Akaandika hadithi moja: wanawake walisaga, wapagazi wakacheza bao kando yao.

Jumamosi akawasomea wote wawili mbele ya Mwalimu.

"Yaya! Hapana!" Bibi aliinuka, akikana kwa lugha ya kwao. "Mama anakufa njaa, wanaume wanacheza bao? Nani kasema?"

"Baba yangu angegawa posho yake," Mzee Shaaban alisema kwa uchungu. "Umemfanya mnyama."

"Sisimulii tena," Bibi akasema. "Maneno ya mama yangu nitazikwa nayo."

Eufrasia alilia, kisha akauchana ukurasa ule. Kwa siku tatu alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia la Bibi, akasaga mtama wote bila kuomba lolote.

Siku ya nne Bibi alishindwa kuvumilia. "Unasaga kama unamkuna mbwa! Mama yangu alikandamiza hivi..."

"Bibi, nilete daftari? Nitakusomea kila neno."

"Na ya Shaaban?"

"Nitaiandika pia. Ukurasa wake."

"Uongo ule!"

"Hata hivyo, Bibi."

Bibi alimkazia macho, kisha akasogeza kigoda. "Haya. Andika."

Jumamosi iliyofuata, kila mzee alisikiliza ukurasa wake, akatia dole gumba chini yake.

"Dole lako kubwa kuliko hadithi yako, Shaaban," Bibi alisema.

"Twende jiweni nikufunge bao, Bi Mageni!"

Mwalimu alilifunga daftari kwa kamba. "Hatukuwapo mashimo yalipochimbwa," aliwaambia wanafunzi. "Mtu akikupa maneno yake, yatunze kama alivyokupa. Ukiyachanganya ili kila mtu afurahi, umewaibia wote."

Kisha akamkabidhi Eufrasia daftari, aliweke sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.