Rula Chini ya Mstari

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alibadilisha maji kwenye jagi la baba yake, akafagia chumba, akabandika sufuria jikoni. Jina hilo walimpa majirani kwa sababu hakuwa na breki mdomoni. Baba alikuwa amelala chali mwezi wa pili sasa, mguu mmoja ukiwa kwenye plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nyumba ilibaki ya watu wawili na redio moja.

Baba alikuwa kiongozi wa matembezi ya visukuku. Visukuku ni mabaki ya viumbe wa kale, kama konokono, samaki, hata majani, yaliyogeuka kuwa mawe. Nje ya mji kulikuwa na ufuko chini ya genge refu, ukuta wa mwamba ulio wima, na wageni walikuja kuvitafuta huko. Genge hilohilo ndilo lililomvunja mguu. Alikuwa ameiandikia ofisi ya matembezi barua tatu kwamba genge lina ufa, wakubwa wakazikalia. Jiwe lilipoanguka, wakasema hakuwa mwangalifu.

"Wao wakikosea, wanaita bahati mbaya," baba alisema mara kwa mara. "Mimi nikikosea, wanaita uzembe."

Jumamosi hiyo wageni wangeongozwa na karani wa ofisi. Lakini maandalizi yote yalitakiwa yatoke kwa baba, kitandani hapohapo. Yakiharibika, kazi angepewa mtu mwingine. Basi Chiriku akawa miguu ya baba yake. Alihesabu kofia ngumu ishirini. Alisugua kutu kwenye nyundo na tindo, akafunga brashi mafungu mafungu, akakusanya magazeti ya zamani ya kufungia mawe. Ijumaa alasiri kazi ilibaki moja tu: kunakili kutoka kwenye kitabu cha maji, chenye mstari mmoja kwa kila siku, saa ambayo bahari ingekuwa imekupwa kabisa, maji yakiwa yamerudi mbali. Kwa saa hiyo ofisi ingepanga muda wa kuondoka.

"Weka rula chini ya mstari," baba alimwambia. "Mistari ile inafanana kama mapacha. Jicho linateleza."

Nje, wenzake walikuwa wanaruka kamba.

"We Chiriku! Umegeuka kisukuku humo ndani?"

Chiriku alicheka. Rula ilikuwa chini kabisa ya mkoba, chini ya madaftari. Akanakili kwa macho tu: saa nne na dakika hamsini.

"Umeweka rula?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Kwa karibu miezi miwili baba hakuwa ameiona bahari, na hesabu ya maji ilikuwa imempotea. Akatia sahihi. Chiriku akapeleka karatasi ofisini mbio, ikagongwa muhuri, naye akawahi zamu yake ya kamba.

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, kwenye kibanda cha ufukweni, wageni walikuwa wanafunga mikanda ya kofia alizowagawia Chiriku. Wengine walikuja na watoto. Karani, aliyevaa viatu vya ngozi kana kwamba anakwenda kikaoni, alimpa Chiriku chaki.

"Andika saa ya maji ubaoni. Tunaondoka saa nne kasoro dakika kumi."

Chiriku alifungua kitabu. Safari hii aliweka rula. Jumamosi maji yalikupwa saa tatu na dakika kumi. Saa nne na dakika hamsini ilikuwa ya Jumatatu, mistari miwili chini.

Kwa hiyo bahari ilikwisha kugeuka. Mbele kulikuwa na kona ambapo genge lilikaribia maji, na saa tano na nusu njia ile ingekuwa imezama. Wageni walipangiwa kurudi saa sita. Nyuma ya kona hapakuwa na pa kupanda.

Akisema, sahihi ya baba ndiyo ingeonekana, na ofisi ilikuwa inatafuta sababu tu ya kumwondoa. Asiposema... Alimtazama mtoto mdogo aliyevaa kofia iliyomfunika hadi puani. Machozi yakamlengalenga.

"Bwana karani, msiende. Saa si sahihi. Maji yanajaa."

"Usinichanganye, mtoto. Karatasi ina sahihi ya baba yako na muhuri wa ofisi."

"Muhuri haukuangalia bahari!"

Wageni wakacheka. Karani hakucheka. Akapuliza filimbi, watu wakaanza kushuka mchangani.

Chiriku aliwapita mbio, akiwa na ufito mkononi. Akaukita pale pale maji yalipoishia.

"Kama karatasi inasema kweli, maji yatazidi kurudi nyuma na ufito utabaki pakavu," alisema huku akihema. "Dakika kumi tu. Nawaomba. Nawaomba jamani!"

"Tunachelewa," karani alisema.

"Mimi nimesomesha darasa la kwanza miaka thelathini," alisema bibi mmoja, mwalimu mstaafu, huku akikaa juu ya sanduku la nyundo. "Dakika kumi haziniui."

Wakasubiri. Wimbi la kwanza halikufika. La tano likalamba ufito. Dakika kumi zilipotimia, ufito ulisimama ndani ya maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu vya mtoto. Hakuna aliyecheka tena.

Karani alijipangusa jasho. "Baba yako alitaka kutuua! Naandika ripoti leo hii."

"Si baba, ni mimi," Chiriku alisema kwa sauti iliyokatika. "Sikuweka rula, halafu nikamdanganya kwamba nimeweka. Ukiandika, niandike mimi."

"Na uandike pia," bibi alidakia, "kwamba ofisi iligonga muhuri bila kufungua kitabu."

Mchana karani alipeleka barua nyumbani. Matembezi yangefanyika kesho yake. Baba amepewa onyo, ila kazi yake ipo. Baba aliisoma mara mbili, akaigeuza na nyuma. Kuhusu kosa la ofisi, hapakuwa na hata neno moja.

Chiriku alisimama mlangoni.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," baba alisema. Aliikunja barua, akaiweka kando. "Niliandika barua tatu. Mguu huu hapa. Mpaka leo hakuna mkubwa aliyekuja kusimama mbele yangu akasema, 'Nilikosea.' Wewe una miaka kumi na miwili, umesema mbele ya watu ishirini."

"Lakini nilikudanganya, baba."

"Ulinidanganya, na imeniuma. Kuruka mstari ni kosa la jicho. Kusema umeweka rula wakati hukuweka, hilo ndilo lililotaka kuzamisha watu. Mimi nami nilitia sahihi bila kuangalia. Ukikosea, sema mapema, maji yakiwa bado mbali. Usiwe kama wao."

Akajiinua kwa viwiko, akavuta kitabu kifuani.

"Haya, lete rula. Tusome maji ya kesho, wewe kwanza, kisha mimi."